Safu ya Saba

Saa tatu usiku, Magomeni Mikumi,
feni imegeuzwa itazame ukuta
isije ikanipeperushia kazi.
Mbele yangu ramani ya viwanja, iliyochapwa vibaya:
mtambo wa ofisini ulikaukiwa wino katikati ya Kinyerezi
na mkubwa akasema, tupa.
Sikutupa.

Nusu, robo, thumni,
mpaka upande mmoja una vyumba thelathini na viwili
na wa pili vivyo hivyo.
Hapo bado sijakunja kitu; nimelima matuta tu.
Kisha mishazari, na karatasi inaanza kunikatalia
kama mtoto anayevalishwa shati la shule.

Bonde, mlima. Bonde, mlima.
Mikunjo minne inapokutana
nabana kwa vidole vitatu, nazungusha,
na mraba mdogo unajilaza chali,
umevuta mkia wa jirani yake,
naye jirani amevuta wa jirani yake.
Hakuna anayegeuka peke yake humu.
Kiwanja namba 114 sasa kinapakana na 260,
barabara ya mita kumi imezama kwenye upindo,
na wale ndugu wawili waliopelekana baraza la ardhi
kwa ajili ya hatua mbili za mpaka
wamelaliana shavu kwa shavu, hawajui.

Nilianza kwa daftari la hesabu na kalamu ya risasi,
siku kumi na moja:
mstari mzima ni mlima, wa vidoti ni bonde.
Nikachora tena kwenye foleni ya benki,
nyuma ya risiti ya umeme.
Daftari linakubali kila kitu.
Karatasi ina unene.
Unene haukuwemo kwenye mchoro.

Safu ya kumi na tisa ikagoma.
Nikabembeleza, nikasukuma kwa ukucha,
kwa mgongo wa kijiko;
pakatokea uvimbe, kama jipu la kwapani.
Na umeme ukakatika.

Mama akaingia gizani, anatafuta kiberiti.
Miaka ishirini na sita alishona sketi za marinda,
za buluu, za damu ya mzee,
za shule ambazo mimi sikusoma;
macho yake yalibaki huko, kwenye matundu ya sindano.
"Nini hiki?"
"Karatasi, Mama."
"Inafanya kazi gani?"
Sikuwa na jibu. Akaishika.
Kidole gumba kikatembea safu kwa safu,
midomo ikihesabu,
kikapita uvimbe wangu bila kusimama,
kikarudi nyuma, nyuma kabisa.
"Hapa. Huu umelala kulia. Wenzake wote kushoto.
Huko mbele unapaonea bure."

Safu ya saba!
Na mimi nilizisifia kumi na mbili zilizoifuata.

Sasa nakunjua, kinyumenyume, kwa mshumaa,
na masika yameshaanza kupiga bati.
Samaki mkunje angali mbichi, wanasema;
karatasi ikunje ingali kavu, naongeza mimi,
maana unyevu wa jiji hili unaingia hata kwenye chumvi,
na kesho matuta yangu yatakuwa yamelegea
kama kitambaa cha meza baada ya arusi.

Uani Mama anapuliza mkaa.
Ametoa pasi yake, ile nzito yenye jogoo,
anaijaribu joto kwa mate ya kidole.
"Lete," anasema. "Leo sinyunyizi maji."