Mwaka wa Sabini Ukutani

Aliniita mara ya tatu Februari ile,
Bi Aune Kettunen, nyumba ya mbao karibu na reli, Thunder Bay,
nje nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
funguo za gari zinauma vidole kama siafu.
"Nimeifuta," akasema kabla sijavua buti.
"Nimeifuta, ikarudi. Nimeifuta tena, imerudi.
Nyumba hii yangu, au ya hicho kidude?"

Kidude chenyewe: duara jeupe sebuleni, ukubwa wa kisahani,
na ndani yake mstari mmoja alioupanga mumewe:
saa kumi na dakika arobaini alfajiri, nyuzi ishirini na moja.
Jina la mstari: REINO KAZINI.

Reino alikuwa zamu ya kwanza, kiwanda cha karatasi.
Reino sasa yuko chini ya theluji yake ya pili.
Na bado, kila alfajiri, tanuri la chini linakohoa, linawaka,
mabomba yanagonga, moja, halafu jingine,
kama mtu anayetafuta soksi gizani asimwamshe mkewe,
akamwamsha.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.
Hawakupata kufungua kifuniko hiki.

Nikakifungua. Tazama, nikamwambia,
chipu hii, ndogo kuliko punje ya mchele,
huandikwa kwa umeme lakini haihitaji umeme ili ikumbuke.
Ng'oa waya, toa betri, itupe kabatini miaka kumi,
utaikuta ratiba palepale.
Saa ndiyo inayosahau.
Umeme ukikatika, na betri imekufa (ona, imetoka chumvi ya kijani),
saa huamka haijui ni lini.
Ilikuwa na anwani ya kuulizia; anwani ilishafungwa.
Basi kwa kutojua husema: Januari mosi, mwaka wa sabini.

Nakala ya pili iko kwenye seva, mbali,
sijui wapi, sikujifanya najua.
Ya tatu iko kwenye simu ya Esko, mwanao, Calgary.
Usiku hizo tatu huulizana: nani ameandika mwisho?
Aliyeandika mwisho ndiye mkweli. Hakuna sheria nyingine.
Na kila ulipofuta, mama, ukuta uliandika:
amefuta Januari mosi, mwaka wa sabini.
Seva ikaona agizo la kale mno,
ikalitupa,
ikakurudishia la Reino kama jipya.

Alinyamaza. Akamimina kahawa, akakata mkate wa iliki.
"Mwaka wa sabini," akasema, "nilikuwa na miaka minane,
sina meno ya mbele.
Yeye alikuwa Kemi, ng'ambo ya bahari, hajui hata kama kuna Kanada."
Akacheka kidogo, kwa pua.
"Kumbe nimekuwa nikimfuta kabla hatujakutana."

Mafundi hatufundishwi jibu la hilo.
Nikatia betri mpya. Nikaipa anwani nyingine ya kuulizia saa.
Ikauliza; ikajibiwa; ikajua ni Februari, ni Jumanne, ni sasa.
Nikasema: ukifuta leo, umefuta.

Akavaa miwani.
Akausoma mstari wote kwa midomo bila sauti,
hata nukta zake,
akabonyeza.

Seva ikakubali. Calgary ikakubali.
Yeye alinifungia mkate uliobaki kwa karatasi,
akaniuliza deni lake, akahesabu hadi senti.

Asubuhi iliyofuata, injini ya gari ikipata joto,
nilifungua kumbukumbu za mteja kuhakiki kazi yangu,
kama tunavyotakiwa.

Ratiba: hakuna.
Saa kumi na dakika thelathini na nane alfajiri,
nyuzi ishirini na moja.
Chanzo: mkono.