Hewa Ndani ya Debe

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wahenga hawakuwahi kulipwa kwa debe.
Huku Maweni, upande huu wa Manda,
ufa ndio unga wangu, ndio karo ya Tsuma,
na siku nisipouona silali nimeshiba.

Jiwe la matumbawe halivunjwi kwa hasira.
Kahindi alipofika, mabega mbele,
alilipiga katikati kama anayelidai;
nyundo ikamrudia, ganzi ikampanda hadi magego.
Nikamwambia ligeuze. Litazame.
Pale alipolala chaza, nchi hii ilipokuwa chini ya maji,
pana mstari mwembamba kama unywele wa mtoto.
Hapo.
Gonga, sikiliza, gonga tena.
Likilia kama kengele, zima.
Likilia kama kopo, limeshakubali,
ila halijakuambia.

Kisha nukta ile ambayo sijawahi kuiona
ingawa nimeitazama miaka kumi na minne:
ufa hautembei.
Uko huku, halafu uko kule.
Chuma hujikunja kwanza, hulegea, hutoa taarifa;
jiwe halikondi, haliugui.
Sasa ni moja, sasa ni mawili,
na nyuso zote mbili nyeupe, kavu,
zinakutana na jua kwa mara ya kwanza.

Tsuma aliniuliza, daftari gotini:
mama, pigo lililolivunja ni lipi,
la kwanza au la kumi na saba?
Nikasema la kumi na saba.
Usiku nikahesabu upya,
nikaona nimelidhulumu la kwanza.
Nikamkumbuka baba yake alivyoondoka,
neno moja tu, la chumvi kwenye mchuzi,
na majirani wakashangaa: kwa chumvi?

Alhamisi huja Bwana Lali wa Langoni
na boti lake la mashine, kupima.
Nikijaza hadi mdomoni hulishika debe masikio,
hulitikisa mara tatu. "Halijashiba."
Kokoto zimepwa vidole vinne.
Namwongeza. Anatikisa.
Ndogo zinapenya chini, kila moja imepata tundu lake,
kubwa zinapanda juu kama waheshimiwa
wala hakuna aliyezipigia kura.

Miaka yote nilidhani ni mikono yake inayoniibia.
Kumbe ni zile ndogo.
Nikatoboa bati kwa msumari,
tundu za upana wa dole gumba, nikaanza kuchekecha.
Na debe la kokoto za kimo kimoja,
hata ulitikise hadi magharibi,
hupwa kidole, kisha hugoma.
Zimeegemeana bega kwa bega, zimebebana,
na kati yake pamejaa hewa ya Manda.
Hewa hiyo Bwana Lali anainunua.
Ndogo nazo nawauzia wapiga lipu wa Shela.

Ni huko Shela, nikingoja malipo,
nilipokaa mchangani nikamimina konzi kwa konzi.
Kilima kikapanda hadi mteremko wake,
na hapo kikakataa kuwa mkali zaidi.
Chembe nikiongeza, kimya. Nyingine, kimya.
Moja ikaangusha ubavu mzima.
Niliitafuta. Ilikuwa chembe kama wenzake,
na sasa ilikuwa imechanganyika nao.

Kahindi siku hizi huweka sikio kwanza.
Jana aliligonga moja, kubwa, mara nne,
likakataa, akaliacha,
tukaenda kunywa uji.
Umande ulikuwa bado haujakauka.
Tuliporudi lilikuwa mawili,
na hakuna aliyeligusa.
Tsuma akanitazama.
Sikumjibu.
Nikaburura nusu yangu kivulini.