Swali la Mlango

Nilipanga viti sitini, wakaja watu mia na ushee.
Ukumbi huu zamani ulikuwa ghala la magunia;
Dundee iliyasokota, dunia ikayajaza.
Usiku ule tulijaa sisi, makoti yakichuruzika.

Hoja: sheria ya dawa za kulevya, ilegezwe au ikazwe?
Mheshimiwa Crombie alisema ikazwe. Alisema "tutume ujumbe."
Ujumbe, ujumbe, mara kumi na moja.
Nilihesabu, maana kazi yangu ni hesabu:
viti, vikombe, saa za ziada nisizolipwa.

Akasimama Isla Petrie, mpishi wa shule,
kofi za mikono zingali na unga
(ule mwingine, wa kuoka).
Akatoa kitabu cha Mheshimiwa, kile cha maisha yake,
ukurasa wa themanini na nne, pembe imekunjwa.
Akasoma: *Nilivuta, nikanusa, nikacheka. Ujana tu.*

"Struan wangu naye alikuwa kijana," akasema.
"Gramu mbili. Miezi tisa.
Alipotoka hakupewa kazi hata ya ufagio.
Tulimkuta chooni, kituo cha basi,
mlango umefungwa kwa ndani.
Huo ujana, Mheshimiwa, unauzwa wapi?
Mbona dukani kwetu haufiki?"

Mheshimiwa akanywa maji.
"Swali zuri," akasema,
na nchi yoyote niliyowahi kuishi
hilo ndilo jibu la asiye na jibu.

Lakini mama wa ghorofa ya tatu akapinga, akitetemeka:
"Wauzaji wanalala ngazini kwangu!
Mjukuu wangu anaruka sindano akienda shule.
Mnalegeza nini?"
Isla akageuka, akamtazama.
Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao.
Nilitamani mtu awasogezee viti, wakae karibu.
Sikusogeza.

Polisi mstaafu akasema amekamata watu miaka thelathini
na bei haikupanda hata peni.
Mtu akacheka. Mtu akamwambia anyamaze.
Saa tatu ikagonga, hoja ikabaki mezani
pamoja na biskuti.

Ndipo Mheshimiwa akanijia, mwavuli kwapani,
akainama sikioni kwangu:
mlango wa nyuma uko wapi?
Usiku mzima, hilo tu ndilo aliloliuliza.

Funguo zilikuwa kiunoni mwangu.
Nikamwonyesha ule wa mbele,
ambako Isla alikuwa bado
anahangaika kufunga vifungo vya koti.