Kulaza Gari

Betri ya tatu tangu Pasaka.
Bwana Mwalongo anaishusha kwa mikono miwili
kama aliyeachiwa mtoto wa jirani,
anaiweka juu ya tairi bovu, anasema:
"Atuganile, nimewamaliza wote. Umebaki wewe."

Wote ni fundi wa Mafinga aliyemuuzia altaneta,
fundi wa Njombe aliyeing'oa, akasema ni feki,
na shemeji yake, ambaye hajawahi kushika spana,
alisema tu: gari hili limetupiwa kitu.

Maana linalia. Ting. Ting. Ting.
Ufunguo uko mfukoni, milango imefungwa,
saa nane ya usiku, baridi ya Juni imelalia bati,
na ndani ya Noah kengele inagonga
kama padri anayesalisha misa kwenye viti vitupu.

Mimi sina dawa ya kutupiwa.
Nina mita, na waya mbili, nyekundu na nyeusi.

Kwanza gari lazima lilale.
Hili wengi hawalijui.
Unazima, unaudanganya mlango kwa bisibisi
uamini umefungwa, kisha unakaa.
Dakika ishirini. Arobaini.
Huko ndani kompyuta zinaagana
kama wapangaji wa uani: huyu kazima taa,
yule bado anasuuza sufuria.
Ukipima mapema utamshtaki asiye na kosa.

Basi tukakaa.
Upepo wa Makambako ukatuletea unga wa mbao.
Akanipa habari za viazi, za bei,
za barabara ya Lupembe ilivyoliwa na mvua.
Za nyumbani hakunipa.

Mita ikatulia: mia sita na arobaini.
Gari lililolala hunywa thelathini,
hamsini likiwa na kiu.
Hili lilikuwa limelala jicho moja wazi.

Fyuzi. Ng'oa, tazama, rudisha.
Honi: vilevile. Redio: vilevile.
Taa za ndani: tarakimu zikaporomoka,
nikaifuata waya hadi mlango wa nyuma,
swichi imeoza kwa matope na mbolea,
inadhani mlango uko wazi,
inamwita mwenye mlango usiku kucha.
"Jini lako hili hapa," nikamwambia. "Elfu nane."

Akacheka. Mimi sikucheka,
mita ilikuwa bado inasoma mia mbili na tisini.

Nikang'oa fyuzi zote. Bado.
Basi kuna anayekunywa bila kupita mlangoni.
Nikalala chali chini ya usukani, mkono ukapapasa
hadi nikakigusa: cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni,
kimefungwa utepe wa bluu, kazi safi,
laini ya simu tumboni, kitaa cha kijani kinakonyeza.
Kule Lupembe mtandao hakuna;
kilikuwa kinautafuta, na betri ndiyo inalipa.

"Kinasema nini?"
"Kinasema ulipo."
"Kinamwambia nani?"
"Laini haijaandikwa jina."

Akakishika kiganjani, kikamkonyeza.
Lori la mbao likapita, na lingine.
"Pasaka," alisema, "Odilia alinunua simu mpya.
Nikamuuliza ya nini, akasema ya kuangalia saa."

Nilikuwa nimeshachukua koleo.
"Kate?"
Hakujibu. Kisha, kama anaulizia tairi:
"Kinaweza kukaa bila kula betri?"

"Nikikipitisha kwenye swichi, kitaamka ukiwasha,
ukizima kitalala."
"Hapana," akasema. "Usiku ndipo halali."

Nikatafuta betri kuukuu ya pikipiki,
nikaificha chini ya kiti, nikakiunga humo,
nikakifunga upya kwa utepe uleule wa bluu,
mkunjo kwa mkunjo, kisijulikane kiliguswa.
Akalipa elfu thelathini, hakudai chenji.

Noah likawaka kwa mguso mmoja.
Kabla hajafika lami nikasikia: ting, ting, ting.
Hajafunga mkanda.
Hiyo niliiacha.