Mwisho wa Kanyagio

Mlima wa kwenda El Alto haujali jina la gari.
Gia ya pili, mguu nimeushindilia hadi mwisho,
na mwisho unafika mapema mno.
Kijigari changu kinafikiri
kama karani wa benki saa sita kasoro.
Lori la saruji linanipigia honi,
mama muuza viazi, kwa miguu, ananipita.

"Hewa ya huku nyembamba," akasema baba.
"Hata gari huishiwa pumzi."

Nikanunua chujio. Plagi nne.
Nikakisugua kilango cha hewa kwa mswaki mkuukuu
hadi masizi yakanijaa kwenye kucha.
Kusitasita kukapona;
nguvu hazikuja.

Fundi Fortunato hakufungua hata boneti.
Alipiga magoti mlangoni, akapenyeza mkono,
akachomoa kipande cha soli,
kimekatwa kwa vipimo, kimegundishwa
chini ya kanyagio.
"Nani anakuonea wivu, Nayra?"

Soli ile naijua:
buti la mgodini, la mguu wa kushoto,
lililostaafu pamoja na mwenyewe.

Nikapanda mlima kwa gia ya tatu.
Sikumwona muuza viazi.
Nilimwona Wilmer, kaka yangu,
na ile kona ya Yungas aliyoikata kwa kicheko.

Jioni baba alikuwa na chai yake ya koka.
"Linakwenda?"
"Linaruka, baba."
Akaendelea kukoroga,
sukari ilikwisha yeyuka zamani.