Ya Kuanzia

"Usiwashe bado," akasema Bi Sikudhani.
"Kaa pale kwanza, upande wa puli,
ushike ile fimbo."

Fimbo ya mpera, imesuguliwa na viganja
hadi inang'aa kuliko mashine yenyewe.
Miaka minane ilikuwa hivi:
mke anabonyeza swichi, mota inaguna
mmmm,
kama mtu aliyekumbushwa deni,
na Mzee Mlanzi anaisukuma puli, mara moja, kwa nguvu,
Yombo Vituka nzima ikajua sembe imeanza.

Tangu Februari hakuna wa kusukuma.
Madebe ya mahindi yanapita mlangoni kwenda kwa jirani.
"Ilimzoea yeye," ananiambia.
"Imefiwa, kama mimi."

Sikubisha. Nikafungua kifuniko cha mgongoni:
unga uliogeuka jiwe, mjusi mkavu,
kapasita mbili zimeegemeana.
Nikazigusisha kwenye balbu kwanza
(mwalimu wangu Chang'ombe hakuchoka kusema:
iliyozimwa si iliyokufa).
Kisha mita.
Ile ndogo, ya kuendeshea: sindano ikaruka,
ikashuka taratibu. Nzima.
Ile kubwa, ya kuanzia, tumbo limevimba,
mafuta yamegandia kwapani.
Sindano haikutikisika.
Nikarudia. Haikutikisika.

Na hii haikufa Februari.
Kutu ile ni ya zamani, zamani sana.
Nikaitazama fimbo.
Kumbe alikuwa anashika zamu ya kopo hili.

Gerezani, duka la nne,
baada ya kukataa mbili za bandia, nyepesi kama boksi tupu la kiberiti:
maikrofaradi mia mbili, volti mia mbili hamsini,
elfu kumi na mbili ukiacha risiti.

Nikakaza nati. "Bonyeza, mama."
Akaitazama fimbo ukutani,
akanitazama mimi, mikono nyuma.
Akabonyeza.

Haikuguna. Iliondoka yenyewe,
unga ukapukutika kutoka kenchi,
kuku wakatawanyika hadi barabarani.

Hakushangilia. Akazima.
"Ni bei gani hicho kidude?"
Nikamtajia.
"Elfu kumi na mbili," akasema,
akaunyoosha mkono wake wa kulia,
akakikunja kidole cha shahada, akakificha kabisa.
"Hiki mkanda ulikichukua, mwaka wa kwanza.
Ndipo tukaukata mpera."