Leja ya Mtunza Stoo

Miaka thelathini na moja nilitunza stoo ya ushirika,
karanga, mtama, alizeti,
sikupotelewa hata na kamba ya kufungia gunia.
Leo, hapa Nkuhungu, jikoni kwangu mwenyewe,
naibiwa na paka.

Jina lake Mhazini. Nilimpa mimi, kwa dhihaka,
siku alipoikalia bahasha ya pensheni
akakataa kutoka.
Ana doa jeusi juu ya mdomo, kama masharubu,
na akija hasikiki, kama deni.

Ilianza na nyama ya mnada.
Nilirudi kutoka Msalato na kilo moja na nusu ya mbuzi,
nikachemsha, nikahesabu: vipande kumi na tisa.
Nikatoka kukinga maji; bomba la kwetu likija hulisubirishi.
Kurudi: kumi na sita.
Na mfuniko uko mahali pake.
Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamlaumu panya.
Nikamlaumu mjukuu wangu Mbijima,
ambaye siku hiyo alikuwa shuleni, Bahi.

Jumatatu nikajificha nyuma ya pipa.
Akapanda mezani bila haraka, kama mtu wa ofisini,
akainua mfuniko kwa kichwa,
akapapasa, akaacha mfupa, akateua mnofu.
Alipotoa kichwa, mfuniko ukajirudia.
Kisha hakula.
Aliusukuma ule mnofu hadi ukingoni mwa meza,
ukaanguka,
na chini kulikuwa na mdomo umeshafunguka.

Tarishi! Mbwa wangu mzee,
aliyegongwa na bodaboda barabara ya Singida
akabaki na miguu mitatu na adabu nyingi.
Mbwa niliyemwapia mbele za watu
kwamba hajawahi kugusa cha mtu.
Kweli, hakugusa. Alikuwa akipokea.

Kipande cha pili Mhazini akashuka nacho.
Wakala pua kwa pua,
mbwa akalamba mchuzi sakafuni
mpaka saruji ikang'aa na ushahidi ukaisha.
Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala.
Hawakusema akibaki anamtawala nani.

Nikaweka nyama kabatini, kufuli. Wakahamia kwenye ugali wa uwele.
Nikaficha ugali. Wakala mlenda.
Mlenda!
Nani aliwahi kuona paka mwenye ndevu zinazovutika?

Kisha Juni, na upepo ule unaochimba hadi chini ya blanketi,
homa ikanilaza.
Siku mbili jiko halikuwashwa.
Nilisikiliza bati likigonga, nikawaza:
sasa watahama. Nani hukaa kwenye stoo tupu?

Alfajiri ya tatu kitu kikanidondokea kifuani.
Chapati.
Ya moto bado, imetoboka pembeni tu,
pale meno yalipoibebea.
Mhazini akakaa miguuni pangu akitazama ukuta.
Tarishi mlangoni, anameza mate,
hakuisogelea.

Nikaikata mapande matatu.
Marehemu mke wangu anisamehe,
sijala chapati tamu kama ile.

Saa mbili, hodi. Mama Sechelela, jirani:
"Baba Malogo, paka wako yuko wapi?
Nimepika chapati ishirini za kuuza,
nahesabu kumi na tisa."
Nikavuta blanketi hadi kidevuni,
makombo yakanichoma shingoni.
"Panya," nikasema. "Mwaka huu wamezidi."
Tarishi akainamisha kichwa,
sijui kwa aibu, sijui kwa kunipongeza.

Alipoondoka nikaitafuta leja yangu ya zamani,
nikafungua ukurasa mweupe,
nikaandika kwa mkono unaotetemeka:
Chapati, moja. Imepokelewa.
Penye "Imetoka kwa" kalamu ikasita.
Nikapaacha wazi.

Tangu siku ile, na mfuniko wa sufuria pia.